Laptopu mnaizima kabisa au mnaifunika tu na kuondoka?

popo_wa_usiku
Wakuu habari zenu. Naomba tuelimishane maana hili jambo limenitia hasara wiki hii. Mimi miaka yote laptopu siizimagi, nikimaliza kazi naifunika, natia kwenye begi naondoka, nikifika naifunua naendelea pale pale nilipoachia, tabu za brauza zote zipo. Ile ya zamani nimeitumia kama miaka sita kwa staili hiyo na haikuwahi kunisumbua. Sasa hii mpya ina miezi minne tu. Jumatatu nimeifunika ikiwa na chaji asilimia 84, baada ya masaa matatu hivi nashika begi naona lina joto la ajabu, natoa laptopu ya moto, feni inanguruma, nafunua chaji imebaki asilimia 5 na kabla sijachomeka chaja ikakata. Na nilikuwa na ripoti ya kurasa kumi na kitu sijaisevu. Imekwenda.

Mwenzangu kazini ananiambia kosa ni langu, laptopu inatakiwa izimwe kila siku. Mwingine anasema hizo zima washa za kila siku ndo zinaiua. Nimsikilize nani?

betri_asilimia_mbili
Zima. Kitu cha umeme ukimaliza kukitumia unazima. Mimi kila usiku nazima yangu na haijawahi kunipa shida, mjadala umeisha.

kioo_kimepasuka
Mjadala umeisha hata haujaanza hahaha. Mimi naomba niwe upande wa wazembe, siizimi, na sijawahi kupoteza kitu. Ila kusevu nasevu mkuu, kurasa kumi bila kusevu hiyo ni roho ya chuma.

popo_wa_usiku
Hiyo ya kusevu nimeshajisema mwenyewe vya kutosha, tusiongezee.

fundi_bisibisi
Pole mkuu. Ngoja nikuelezee kwanza maana naona watu wanabishana kuhusu kitu kimoja kumbe ni vitu vitatu tofauti, au vinne kabisa.

Ukiilaza kwa ule usingizi wa zamani, prosesa inakatiwa umeme, diski inasimama, kioo kinazima, feni kimya. Kinachobaki kinakula umeme ni RAM peke yake, ile kumbukumbu ya muda inayoshika kazi ulizofungua. Na RAM lazima ile umeme kwa sababu haina kumbukumbu ya kudumu, ni kama mtu aliyetajiwa namba ya simu hana kalamu, anairudiarudia mdomoni isimpotee, akinyamaza kidogo tu imeyeyuka. RAM inajirudia hivo karibu kila milisekunde 64. Kwa hiyo ukiilaza unakula chaji kidogo sana lakini unakula, na betri ikiisha yule mtu ananyamaza, ripoti yako inakwenda.

Haibaneti ni tofauti. Hapo huyo mtu anapewa kalamu. Kila kilichomo kwenye RAM kinaandikwa kwenye diski, kwenye Windows kinakaa kwenye faili linaitwa hiberfil.sys ndani ya C, halafu mashine inakata umeme kabisa. Unaweza kuiacha wiki mbili ukaikuta na tabu zako zote. Ubaya wake inachelewa kidogo kuamka kwa sababu inasoma vyote upya kutoka kwenye diski.

Kuzima kila mtu anakujua. Au anadhani anakujua, nitarudi hapo.

Sasa tatizo lako liko kwenye cha nne. Laptopu nyingi za Windows zinazotoka miaka hii hazina tena ule usingizi wa zamani. Zina kitu kinaitwa Modern Standby, kilikuja na Windows 10 mwaka 2015 lakini baba yake alianza kwenye Windows 8. Wazo lilikuwa laptopu ifanye kama simu, kioo kimezima lakini yenyewe iko macho kidogo, inapokea barua pepe, inabaki kwenye waifai, ukiifunua inaamka hapo hapo. Simu imeundwa hivo tangu mwanzo ndo maana inaweza. Laptopu ina vifaa chungu nzima kutoka kwa watengenezaji tofauti, kila kimoja na draiva yake, yani programu ya kukiendesha, kikikataa kulala kimoja tu mashine yote inakesha. Imefunikwa, iko ndani ya begi, hewa haipiti, imeamka. Hapo ndo unapata begi la moto.

Kwa hiyo wewe hujabadilisha tabia, mashine ndo imebadilika ikakuachia tabia ya zamani.

popo_wa_usiku
Aisee. Yani ninavoifunika mimi nadhani imelala kumbe iko macho inaniangalia tu?

fundi_bisibisi
Inaweza kuwa hivo. Usiniamini mimi, iulize yenyewe. Fungua ile skrini nyeusi ya amri (Command Prompt) andika powercfg /a halafu enta. Itakuorodheshea aina za usingizi ilizonazo. Ukiona S3 una usingizi wa zamani. Ukiona S0 Low Power Idle ndo huyo jamaa niliyemsema. Hizo S ni lugha ya ACPI, utaratibu ambao Intel, Microsoft na Toshiba waliutoa mwaka 1996 ili mfumo wa uendeshaji ndo usimamie umeme badala ya kuiachia baiosi, ile programu ya ndani inayoiwasha mashine.

nywila123
Hapo kwa betri_asilimia_mbili naomba nichokoze kidogo. Mkuu umesema kila usiku unazima. Windows gani?

betri_asilimia_mbili
11. Kwani vipi?

nywila123
Bonyeza Ctrl na Shift na Esc kwa pamoja, nenda pale kwenye grafu ya CPU, chini yake kuna sehemu imeandikwa Up time. Tuambie inasema nini.

betri_asilimia_mbili
Inasema siku 41.

Hii kitu imeharibika, mimi nimezima JANA USIKU.

kioo_kimepasuka
Hahahahaha mjadala umeanza sasa

nywila123
Haijaharibika. Kuanzia Windows 8 kuna kitu kinaitwa Fast Startup, na kwenye mashine nyingi kinakuja kimeshawashwa. Ukibonyeza kuzima, programu zako zinafungwa kweli, lakini kile kiini cha Windows na madraiva havizimwi, vinafanyiwa haibaneti, vinaandikwa kwenye hilo hilo faili la hiberfil.sys. Asubuhi ukiwasha, badala ya kujijenga upya vinasomwa tu kutoka kwenye diski. Ndo maana inawaka haraka. Kwa hiyo draiva iliyokuwa na wazimu jana inaamka leo na wazimu wake ule ule, wewe unasema mbona nimezima nimewasha na bado.

Restati ndo inafuta. Watu wengi wanaamini kuzima ni kukali kuliko restati, kwenye Windows ya sasa ni kinyume. Ukitaka kuzima kwa ukweli shikilia Shift wakati unabonyeza kuzima, au andika shutdown /s /t 0 kwenye skrini ya amri.

betri_asilimia_mbili
Kwa hiyo siku 41 nimekuwa nikiibembeleza tu ilale.

fundi_bisibisi
Hiyo ndo niliyosema nitarudi, nywila123 kanimalizia. Naongeza tu, wateja wangu karibu wote wanaoniletea laptopu "imekuwa nzito", "blutuuth haishiki", "printa imekataa", cha kwanza naangalia hiyo namba. Kuna programu zinakopa RAM na hazirudishi, siku ya kwanza huoni kitu, siku ya thelathini mashine inahema. Narestati mbele ya mteja, nusu yao wanaondoka bila mimi kufungua skrubu hata moja. Mteja mmoja alikasirika kabisa akasema kwa hiyo nimesafiri na laptopu mgongoni kuja kubonyeziwa kitufe.

mzee_wa_diski
Vijana mnanikumbusha mbali. Windows 95 na 98 zilikuwa na hesabu ya ndani inayohesabu milisekunde tangu mashine iwashwe, na nafasi ya hiyo hesabu ilikuwa biti 32. Milisekunde zikifika bilioni 4 na milioni 294 na kitu nafasi inajaa, na hiyo ni siku 49.7. Ukifika hapo mashine inaganda. Hilo tatizo lilikaa miaka bila kugundulika, na mimi sishangai maana kuifikisha Windows 95 siku 49 bila kuganda kwa sababu nyingine ilikuwa ni kazi.

Kuhusu mada. Kwa laptopu yenye diski ya kuzunguka, zipo bado msijidanganye, kuna kitu hakijasemwa. Hatari kubwa kwake ni kuibeba wakati diski inazunguka. Sindano inapita juu ya sahani kwa nafasi ndogo kuliko unene wa unywele, na sahani inazunguka mara 5400 kwa dakika. Ukifunika na kuitupia begini sekunde hiyo hiyo, haijalala bado, inaandika. Kaa nayo kidogo mpaka taa ianze kupepesa au uisikie imenyamaza. Mimi hata hizi za SSD, ambazo hazina kitu kinachozunguka, nasubiri, mazoea tu.

chaja_mbovu
Sasa si mmesema haibaneti ndo salama, mimi niliambiwa haibaneti inaua SSD kwa sababu kila siku inaandika magigabaiti. Nikaizima kwa powercfg /h off na nikapata nafasi kwenye C kama GB 6 na kitu.

nywila123
Tupige hesabu badala ya kutishana. Chukulia una RAM ya GB 16 na kila siku ukifanya haibaneti inaandikwa GB 8, ambayo ni nyingi maana Windows inabana kabla ya kuandika, lile faili lenyewe kwa kawaida linatengewa kama asilimia 40 ya RAM. GB 8 mara siku 365 ni karibu TB 3 kwa mwaka. SSD ya kawaida ya GB 500 unakuta mtengenezaji anaidhamini iandikwe TB 300. Kwa hiyo haibaneti peke yake ingehitaji miaka mia kuimaliza. Laptopu itakuwa imeshavunjika kioo, imemwagiwa maji, imerithiwa na wajukuu.

Kwa mwenye SSD ndogo ya GB 64 iliyojaa hapo sawa, nafasi inauma, zima. Ila ujue ukiweka h off umeua na Fast Startup pia, vinatumia faili moja. Ambayo kwa wengine ni zawadi.

chaja_mbovu
Kumbe ndo maana yangu inachelewa kuwaka siku hizi. Nilikuwa nalaumu apdeti.

pengwini_mweusi
Kwa sisi tunaoweka Linux na Windows kwenye mashine moja, Fast Startup ni adui. Unazima Windows, unaingia Linux, unataka kufungua mafaili ya upande wa Windows inakuambia hiyo patisheni (sehemu ya diski) iko kwenye haibaneti, inakupa kusoma tu kuandika hapana. Na inafanya vizuri kukukatalia, maana Windows ikiamka inaamini kila kitu kiko kama ilivyokiacha, ukiwa umebadilisha mafaili nyuma ya mgongo wake unaharibu. Mimi kitu cha kwanza kwenye mashine mpya ni kuzima Fast Startup.

Upande wa Linux kwenyewe, andika cat /sys/power/mem_sleep. Ikitokea neno deep kwenye mabano ya mraba una usingizi wa kweli, ikitokea s2idle uko kwenye ule wa macho nusu. Kuna laptopu zina vyote viwili na unachagua mwenyewe.

tufaha_limeng'atwa
Mimi niko Mac, huku hatuna hizi tabu. Nafunika naondoka, nakaa hata siku tatu. Na hata chaji ikiisha sipotezi kitu, maana Mac za kubeba zikilala zinabaki na RAM inakula umeme lakini zinaandika nakala kwenye diski pia, zote mbili kwa pamoja. Betri ikikata inaamkia kwenye nakala.

kioo_kimepasuka
Tulikuwa tunakusubiri, tukasema mbona huyu hajafika.

tufaha_limeng'atwa
Haha nimechelewa tu. Ila niwe mkweli, hata huku kuna kitu kinaitwa Power Nap tangu mwaka 2012, inaamka yenyewe usiku kuangalia barua pepe na kufanya bakapu. Yangu moja ya zamani nilikuwa nikiikuta ya vuguvugu asubuhi, nikaizima hiyo kwenye mipangilio kwa upande wa betri ikatulia.

mlinzi_wa_geti
Hakuna aliyegusa usalama na mimi ndo naona kitu kikubwa. Wengi siku hizi diski zimefungwa kwa usimbaji, BitLocker au nyingine. Mnadhani laptopu ikiibwa uko salama. Laptopu ikiwa imelala tu, ufunguo wa kufungulia diski upo ndani ya RAM, unakula umeme kama vingine. Mwaka 2008 watafiti wa Princeton walionyesha kwamba RAM haisahau papo hapo umeme ukikatika, wakachukua kopo la hewa ya kupulizia vumbi wakaligeuza chini juu, wakaipuliza RAM mpaka ikapoa nyuzi 50 chini ya sifuri, wakapata muda wa kutosha wa kusoma funguo zilizobaki mle ndani.

Mwizi wa begi hana habari na hayo, anataka kuuza. Lakini kama unabeba mafaili ya wateja, rekodi za wagonjwa, kesi za watu, usipite nayo uwanja wa ndege imelala. Haibaneti au zima, hapo ufunguo unaondoka kwenye RAM.

betri_asilimia_mbili
Mimi narudi na swali la kweli sasa. Ile hoja ya kuzima na kuwasha kunaua mashine, na kwamba kuwasha kunakula umeme mwingi kuliko kuiacha imelala. Kuna ukweli?

fundi_bisibisi
Umeme tuhesabu kama alivyofanya mwenzetu. Chukulia inawaka kwa dakika moja nzima ikila wati 30, hiyo ni nusu wati-saa. Ikilala vizuri chukulia nusu wati, kwa masaa 8 ni wati-saa 4. Kwa hiyo usiku mzima wa kulala umekula mara nane ya kuwasha. Kwenye betri ya wati-saa 50 ni asilimia 8. Si kitu cha kukunyima usingizi lakini hoja ya kwamba kuwasha kunakula zaidi inakufa hapo.

Ya kuua mashine, miaka yote niko kwenye hii kazi sijafungua laptopu nikasema hii imeuliwa na kitufe cha kuwashia. Nimefungua zilizouliwa na joto, vumbi, vimiminika, chaja za ovyo na betri zilizovimba. Joto ndo mchawi. Ndo maana hili la begi la popo_wa_usiku linaniuma kuliko ripoti yake, betri ya lithiamu ikikaa kwenye joto hilo mara kwa mara inazeeka mapema. Na kitu kingine, usiiache imelala ukasafiri mwezi mzima, itajimaliza mpaka sifuri na betri ya lithiamu haipendi kukaa sifuri. Ukiiweka kabatini muda mrefu izime kweli, na Shift, ikiwa na chaji karibu nusu.

kioo_kimepasuka
Kwa hiyo mimi mzembe nifanyeje, kwa maneno machache, sitaki hesabu.

fundi_bisibisi
Unatoka mezani kwenda kula unarudi, ilaze. Unaitia begini au unaenda kulala mwenyewe, haibaneti. Restati mara moja kwa wiki, na siku apdeti zikishuka, maana Microsoft wanatoa za usalama Jumanne ya pili ya kila mwezi na nyingi hazishiki mpaka urestati.

kioo_kimepasuka
Haibaneti sioni kwenye menyu mimi.

nywila123
Inafichwa. Nenda Control Panel ile ya zamani, Power Options, ingia sehemu ya kuchagua vitufe vinafanya nini, juu kuna kimstari cha bluu cha kufungua mipangilio iliyofungwa, bonyeza, chini utaona Hibernate weka tiki. Na hapo hapo unaweza kuchagua kuifunika kufanye nini, ukiwa kwenye chaja na ukiwa kwenye betri, kila moja peke yake. Weka kwenye betri ifanye haibaneti, kwenye chaja ilale. Isipokuwepo kabisa andika kwanza powercfg /h on.

popo_wa_usiku
Nimerudi wakuu. Nimeandika powercfg /a imeniambia S0 Low Power Idle, S3 hamna, inasema mashine haiikubali. Kwa hiyo ni yule jamaa.

fundi_bisibisi
Sasa fungua skrini ya amri kwa ruhusa ya admini andika powercfg /sleepstudy. Itakutengenezea ripoti ya siku tatu zilizopita, fungua na brauza, tafuta mstari mwekundu wa siku ile.

popo_wa_usiku
Nimeiona. Masaa matatu na dakika, mstari mwekundu, chini imeandika vilivyokuwa macho, wa kwanza ni kadi ya waifai, karibu muda wote. Yani waifai ilikuwa inatafuta mtandao ndani ya begi.

mzee_wa_diski
Inatafuta mtandao gizani, maskini.

popo_wa_usiku
Nimeapdeti draiva ya waifai kutoka kwa mtengenezaji, na nimeweka kuifunika kwenye betri ifanye haibaneti kama nywila123 alivyosema. Nitaleta mrejesho kesho.

popo_wa_usiku
Mrejesho. Jana usiku nimeifunika iko 71, nikaitia begini makusudi. Asubuhi begi baridi, nimefunua imechukua kama sekunde 12 kuamka, tabu zote zipo, chaji 71. Nimezoea iamke papo hapo kwa hiyo hizo sekunde nazisikia, ila basi. Ripoti naandika upya, niko ukurasa wa nne na kidole hakitoki kwenye Ctrl S.

betri_asilimia_mbili
Na mimi nina mrejesho. Nimerestati. Up time dakika nne. Na zile spika zangu za blutuuth ambazo wiki tatu nzima zilikuwa hazishiki, nilishatangaza kuziuza, zimeshika.